Kibanda cha Mlinzi Ndani ya Diski

Mambo yote kwa jumla yaligharimu mbuzi dume mmoja, mtihani wa wasichana wanne, chumba chenye sakafu ya simiti, na rafiki. Nimehesabu tena leo asubuhi nikinywa chai na hesabu haijabadilika. Katika hao wote ni mbuzi peke yake ambaye hakudanganywa: alipoona kisu alijua ni kisu.

Mwezi uliopita nilipanda Mbooni kumzika Mutua, mume wa huyo rafiki. Nilikuwa sijakanyaga milima ile tangu miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilienda kwa sababu mtu akifa watu huenda, na pia kwa sababu nilitaka kuona Nduku amezeeka vipi. Amezeeka vibaya. Nilifurahi, halafu nikaona haya, halafu nikafurahi tena. Shemeji yake, Kioko, ndiye aliyesimama kusoma maisha ya marehemu, na ndani ya maisha ya marehemu akatia yake: kwamba yeye ndiye aliyefundisha Tawa nzima kompyuta, wakati watu walidhani ni televisheni iliyoharibika. Akaniona kwenye viti vya nyuma. "Na yule mama pale," akasema, "anaitwa Mumbua. Alikuwa akitutaipia barua na kutufagilia. Simama wakuone, mama." Nikasimama, wakanipigia makofi, nikaketi. Baada ya chakula Nduku alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jikoni, akaniomba kitu. Nitakisema mwishoni, kwa sababu bila ule mwaka hakina bei.

Ya nyumbani kwetu nayaacha; kila mtu alizaliwa mahali. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilifanya kazi katika chuo cha taipu na kompyuta kilichokuwa chini ya kanisa fulani pale Tawa. Chuo ni neno kubwa. Kilikuwa vyumba viwili vya mabati nyuma ya kanisa. Cha kwanza kilikuwa na taipureta saba, tano zikiwa na herufi zote. Cha pili kilikuwa na kompyuta moja kubwa iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, kama redio ya bibi harusi, na vioo vinne vya wanafunzi vilivyounganishwa nayo kwa waya, vyote vikinyonya sanduku moja. Ndani ya sanduku hilo hamkuwa na ile sistimu ya ofisi za Nairobi. Mlikuwa na Linux, ambayo haiuzwi. Mimi nimelelewa sokoni, na kitu kisicho na bei hunitia wasiwasi mpaka nijue bei imefichwa wapi. Mzungu mmoja wa kujitolea aliyeileta alinifundisha miezi minane, akacheka nilipomuuliza bei ya mwisho ni ngapi, kisha mkataba wake ukaisha akarudi kwao. Akaniachia kitabu kinene cha maelezo na ufunguo wa mlango. Nilikisoma chote mara mbili. Mara ya kwanza sikuelewa kitu, ila nilijua nimekimaliza.

Nilikuwa mpangaji kwa Nduku, mpiga taipu mwenzangu, mlimani juu ya Tawa. Nililala katika stoo ya mahindi. Dumuzi walitafuna gunia hadi alfajiri, na asubuhi nilijikung'uta unga kama mtu aliyetoka kusaga mahindi posho mili. Ndiyo sababu nilikitamani kile chumba. Kilikuwa nyuma ya chuo, cha mawe, kina dirisha la kioo na sakafu ya simiti laini ambayo unaweza kuilalia bila mkeka usishikwe na funza. Kilihifadhi mifuko ya simiti iliyobaki, imeshaganda. Mwenyekiti wa kamati ya chuo, Mzee Muli, aliniambia mbele ya watu wawili: "Mtu wa mitihani akija kutoka Nairobi akikubali wasichana wafanyie mtihani hapa kwetu, wewe si mpiga taipu tena. Wewe ni mwalimu, na kile chumba ni chako." Nilimwomba arudie. Akarudia. Jioni ile nilipima dirisha kwa shibiri, nikapima tena, nikaenda kununua kitambaa cha pazia.

Mzee Muli alikuwa pia baba mkwe wa Nduku, na hapo lazima nieleze, kwa sababu kesi yote imekaa juu ya jambo hili. Kwetu mke wa mtoto hamzoei baba mkwe. Nduku hakumpa mkono mzee yule, hakupita mbele yake, hakuketi chumba alichokuwa akila. Mzee akiingia kukagua taipu, Nduku aliinamisha uso kwenye herufi kama aliyepoteza sindano humo. Mimi nilimcheka. "Nduku, mzee akikuuliza saa utafanyaje?" "Nitauambia ukuta," akasema, "na ukuta utamwambia." Tulicheka mpaka tukakosea barua ya mchungaji.

Mwezi huohuo mzee aliwagawia wanawe shamba. Walitaka mtu asiye wa nyumba ile ashike kamba, mtu ambaye hata akivuta upande mmoja hapati kitu, wakanichagua mimi mpangaji. Nilishika upande wa jiwe jeupe, Mutua akashika upande wa mfereji wa maji, na mzee akatembea katikati akionyesha kwa bakora mahali pa kupanda mkonge. Nduku alisimama mbali akiangalia kupitia vidole vyake. Niliuhesabu ule mkonge: miche thelathini na mmoja. Nikauhesabu tena nikirudi, Nduku akanicheka, "Wewe hata ukifa utahesabu waliokuja kukuzika." Miparachichi mitatu ikaangukia upande wa Mutua. Kioko, kitinda mimba, alikuwa ametoka Nairobi wiki ile na cheti cha kompyuta na viatu vyenye ncha. Aliiangalia ile miparachichi, akaenda kuegemea mmoja, akachuma tunda ambalo halijakomaa, akalitupa bondeni.

Kioko hakuwa mjinga. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu nikiwasimulia hupenda awe mjinga, roho zao zitulie. Kijana yule alijua kompyuta. Alichokosa ni subira, na kazi. Alikuja na CD kutoka Nairobi akasema Linux yetu ni ya zamani, anaiwekea toleo jipya. Nikamwambia stima ya Tawa hukatika mchana, angoje asubuhi. Akasema, "Dada, wewe taipu." Saa nane, kazi ikiwa katikati, mashini ikiwa imeng'oa ya zamani na haijapanda mpya, stima ikaenda. Iliporudi kioo kiliandika herufi mbili tu, L na I, kikanyamaza. Katika mashini zile kulikuwa na kipande kidogo kinachoiamsha sistimu, jina lake LILO, na kikishindwa huishia katikati ya jina lake mwenyewe, kama mtu aliyekabwa koo akijitambulisha. Kioko aliizima, akaiwasha. L, I. Akavaa koti. "Vitu vya msaada ni vya msaada tu," akasema, akaenda kula.

Mtu wa mitihani alikuwa anakuja baada ya wiki mbili na nusu. Kamati ikaketi, ikaamua kwa haki kwamba aliyeachiwa ufunguo ndiye atengeneze. Kwanza niliamsha mashini kwa disketi ya dharura, nikatoa kazi za wale wasichana wanne kwenye disketi, kila kazi nakala mbili. Zote zikapatikana. Kilichobaki kilikuwa kufuta na kuanza upya, na kitabu kinene kilisema wazi kwamba diski yote ikiwa sehemu moja, sistimu ikianguka inaangukia mali za watu. Ni heri ukate sehemu, sistimu ikae kwake na mafaili ya watu yakae kwao. Nikaona ni busara kuieleza kamati. Nikachora mstatili ubaoni na nikafanya kosa la kutamka neno kugawa mbele ya watu wa Mbooni.

Walikuwa wamesinzia, wakaamka wote. Mweka hazina alivaa miwani. Mzee Muli akauliza, "Hiyo diski ina pande ngapi?"

"Ni mstari mmoja, mzee. Una mwanzo na una mwisho."

"Mwanzo ndio getini?"

"Ni kama getini."

"Basi hapo ni pangu." Akageukia wengine. "Mweka hazina anifuate. Mchungaji amfuate yeye. Wageni tuwaachie kidogo hata kama hawaji."

Nikaeleza. Mashini yetu ilikuwa kuukuu, na mashini za umri ule zikiamka zina macho mafupi: huona robo ya kwanza tu ya diski. Kile kinachoiamsha lazima kiwe ndani ya hiyo robo. Ukikipeleka nyuma, mashini haikioni, inabaki imelala. Nikasema sistimu itangulie, wazee wafuate.

"Yaani mashini ikae mbele ya mwenyekiti?" mweka hazina akauliza.

"Mashini haina miguu wala ng'ombe," mchungaji akasema. "Shamba la mbele la nini?"

Kioko alikuwa ameketi kando kama mtaalamu. Wakamwangalia. Alijua nasema kweli. Niliona kwenye macho yake kwamba anajua. "Kuna ukweli kidogo," akasema akitabasamu. "Lakini dada naye anapenda kutisha watu."

Basi nikafanya biashara. Nikaiombea sistimu nusu ya diski, ili waanze kukasirika mapema. Wakanipa sehemu moja ya kumi. Nikashika kichwa. Nikashuka hadi theluthi, nikisema hapo nimeshajiumiza. Wakapanda kidogo, mweka hazina akihema kama anayetoa damu. Tulifunga kwa robo, nyuma kabisa baada ya wageni, "huko kwa choo," mtu mmoja akasema, na robo ndiyo niliyoitaka tangu asubuhi. Nikakunja karatasi zangu, nikafika mlangoni, na hapo, kama mteja anayeomba nyanya moja ya nyongeza, nikageuka. "Wazee, boma kubwa hivi, halina mlinzi?" Nikasema nataka kajisehemu kadogo sana pale getini, kama kibanda cha mlinzi. Megabaiti ishirini kati ya elfu mbili. Hata mtu hawezi kunyoosha miguu humo. Nitaweka humo kile kipande cha kuamsha, na sistimu yenyewe ikae huko nyuma walikoitupa. Ikiamka inamkuta mlinzi, mlinzi anaionyesha njia ya nyuma. Mzee Muli akacheka mpaka akakohoa. Mlinzi kulala mbele ya mwenye boma hakukuwa aibu. Ndiko walinzi hulala. "Na mlinzi mwenyewe ni nani?" "Ni mimi, mzee." "Haya, andikeni, mlinzi ni Mumbua."

Nikauliza, "Na wasichana? Kazi zao za mtihani zinakaa wapi?" Mweka hazina akanijibu kwa upole, kama anamfundisha mtoto, "Wasichana wataolewa. Watapewa huko waendako." Wakaitikia wote, hata mchungaji. Nikawaweka wale wanne ndani ya sehemu ya sistimu, wapangaji kama mimi.

Halafu ikabidi tuchinje. Wiki mbili nyuma walikuwa wamechinja kwa sababu ya shamba, na mzee akasema mgao usio na damu kesho mtu anaukana. Mbuzi dume akaletwa akafungwa kwenye mguu wa meza ya taipureta. Wakala mbavu na ini chini ya mabati wakibishana kama megabaiti ni kubwa kuliko ekari, na mimi na Nduku tukapewa matumbo tukayaoshe mtoni. Kioko alikuja kunawa hapo tulipokuwa. "Mlinzi," akaniita. Jina hilo likanishika mji mzima mpaka siku niliyoondoka.

Nilikata diski siku ya Alhamisi asubuhi, stima ikiwa na nguvu. Chombo cha kukatia kinakuuliza mambo machache: sehemu mpya, inaanzia wapi, inaishia wapi. Unaweza kubadilisha nia mara mia na hakuna kilichotokea, mpaka ubonyeze herufi ya kuandika. Baada ya hapo hakuna kurudi. Nilizihesabu zile sehemu kutoka getini hadi chooni, nikazihesabu kutoka chooni hadi getini, nikabonyeza. Nikaweka sistimu, nikaweka kibanda, nikarudisha kazi za wasichana. Nikaizima na kuiwasha, L-I-L-O, jina zima bila kukwama, ikaamka. Nikafanya hivyo tena. Nduku aliniletea uji katika kikombe kisicho na mkono, tukaunywa kwa zamu tukiangalia mistari myeupe ikipanda kiooni. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha ya bei rahisi namna ile.

Ijumaa mashini ilishinda inafanya kazi. Jumamosi sikuwepo, nilikuwa sokoni kwa fundi wa pazia. Jumatatu mtu wa mitihani akafika: mama mnene mwenye viatu vya kahawia na kalamu tatu mfukoni. Wasichana waliketi kwenye vioo vyao wakiwa na sweta zilizofuliwa, wakaanza kuandika, na yule mama akapita nyuma yao akitikisa kichwa kwa namna nzuri. Mzee Muli alisimama mlangoni na kofia mkononi. Kisha stima ikakatika, kama kawaida yake, na mama yule akasema si neno, hata Nairobi hukatika. Akapewa chai na mandazi. Hata nilifurahi: sasa aone mashini inavyojiamsha yenyewe. Stima ikarudi. Mashini ikavuma. L, I. Ikanyamaza.

Niliizima na kuiwasha. L, I. Chumba kilinuka mandazi. Niliiwasha mara ya tatu nikijua. Disketi ya dharura ilikuwa ya sistimu ya zamani, hii mpya haikuikubali. Mama wa mitihani alisubiri kwa heshima, akamaliza chai, akafunga kalamu zake moja moja. "Jaribuni tena mwaka ujao," akasema. Mmoja wa wale wasichana, ambaye mjomba wake alikuwa ameuza ndama kumlipia ada, hakuwa na mwaka ujao. Aliolewa kabla ya Krismasi na mtu wa lori, na siku niliyoondoka, alipokuja kuniaga, aliniuliza kwa sauti ya chini kama kazi yake bado imo ndani ya mashini. Nikamwambia imo. Ilikuwemo kweli. Ilikuwa huko nyuma, salama kabisa, na hakuna wa kuiamsha.

Jioni ile Nduku alipika muthokoi, na mpaka leo nikisikia harufu ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe nasikia sauti yake. Mutua alikuwa anakula. Mimi sikuwa nakula. Nduku akaweka mwiko chini. "Nilimwona," akasema. Jumamosi mchana alikuwa ameenda chuoni kumalizia barua, akamkuta Kioko kwenye mashini kubwa, amefungua kibanda, amefuta kilichokuwamo chote, na anapanga mafaili ya baba yake humo. Hakujificha. Alimwambia shemeji yake, "Baba hawezi kukaa nyuma ya kibanda cha mwanamke wa kuja." Kisha akamwambia, "Jumatatu tutaona kama mlinzi huyu anaamka."

Ona ujuzi wake. Mashini iliyo macho haimhitaji mlinzi. Ingeendelea kufanya kazi Jumamosi na Jumapili na mtu asijue, mpaka stima ikatike, na stima ya Tawa ingekatika tu. Na alifanya mbele ya Nduku makusudi, kwa sababu alijua ulimi wa Nduku hauna njia ya kumfikia baba. Nikamuuliza, "Utasema?" Mutua akatafuna, akameza. "Aseme," akasema. "Ni kweli, aseme." Nduku akasema atasema. Nikala sahani mbili.

Kamati iliketi Jumatano kunihukumu. Nikasema yote. Kioko akasema dada amechanganyikiwa, tumhurumie. Nikasema yuko mtu aliyeona, na nikamtaja. Chumba kikawa kizito, kwa sababu kila mtu alijua Nduku hawezi kusema mbele ya yule mzee. Na hapo Mzee Muli akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada. Aliinuka, akageuza kiti chake, akaketi ameelekeza uso ukutani na mgongo kwetu. "Mwiteni," akauambia ukuta. "Mimi sipo. Aseme." Alitaka kujua, mzee yule. Nampa hilo. Alimvulia mkaza mwana wake desturi nzima kama mtu anayevua koti.

Nduku akaingia. Alitazama ule mgongo. Alitazama Kioko, ambaye alikuwa anasafisha kucha. Ukuta ulikuwa tayari. Sisi wawili tulikuwa tumeuchekea ukuta huo mwaka mzima.

"Jumamosi," Nduku akasema, "mimi nilikuwa nikifua."

Mzee akainuka. Kisha akarudisha kiti. "Mumbua, ulisema mwenyewe mlinzi ni wewe. Tukaandika. Boma limeingiliwa, sasa tumuulize nani?" Walinipa siku hiyohiyo niondoke. Kioko akawa mwalimu na akapewa chumba. Mifuko ya simiti iliyoganda ilitolewa nje kwa ajili yake, na pazia langu likabaki kwa fundi. Naambiwa alilinunua yeye, lilitosha dirisha sawasawa.

Nilimngoja Nduku njiani kwenye mteremko. Sikumtukana. Nilimuuliza tu kwa nini. Hakulia, na hilo ndilo lililoniuma, maana angelia ningepata kitu cha kuondoka nacho. "Mumbua," akasema, "wewe utaondoka. Mimi nitakaa. Mkonge bado haujashika mizizi. Mzee akimpenda Kioko kesho, atamwambia aung'oe." Akanipita akapanda mlima. Ilikuwa bei wazi: mimi upande mmoja, shamba na miparachichi mitatu upande mwingine. Ningekuwa mimi, sijui. Nasema sijui, lakini nimepiga hesabu hiyo miaka yote hii na kila mara najikuta nimemuuza yeye kwa bei ya chini zaidi.

Nilienda Mtito Andei, kwa sababu huko hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Wote wamesimama tu kuweka mafuta. Nilianza na meza moja nje ya hoteli, nikiwaandikia madereva wa malori barua na hati za mizigo. Leo nina duka la kompyuta, vyumba vitatu, vyote sakafu ya simiti. Vijana wangu hunicheka kwa sababu kila diski inayopita mkononi mwangu nakata kwanza kibanda getini. Wananiambia, "Mama, hizi za siku hizi zinaona mbali, hazihitaji." Najua hazihitaji.

Sasa turudi nyuma ya jikoni, siku ya mazishi. Nduku alinishika mkono kwa mikono miwili. Akasema, "Mutua hata alikuwa hajazikwa, Kioko akaung'oa mkonge. Ameupanda huku chini. Miparachichi iko kwake." Nilikuwa nimeiona nikipita: imezungushiwa waya mpya, minene sasa, imezaa. Kesi ni Alhamisi hii kwa naibu wa chifu. Siku ile ya kamba tulikuwa wachache. Mzee Muli amekufa, Mutua ndiye huyo tumemfukia. Kioko anasema mpaka ulikuwa hapo alipouweka tangu zamani. "Umebaki wewe," Nduku akasema. "Wewe ulishika kamba. Uliuhesabu mara mbili nikakucheka. Uje useme ulichoona." Hakutaja chuo, hakutaja Jumatano, wala hakuomba msamaha. Na mimi nafikiri angeomba ningempiga. Nikamwambia nitafikiria. Juzi Kioko naye akanipigia simu, sauti ya asali: "Mama Mumbua, wewe ni mtu wa biashara. Mambo ya wajane wa watu yanakuhusu nini?"

Nakumbuka kila kitu. Kutoka jiwe jeupe hadi mfereji, miche thelathini na mmoja, na wa kumi na tisa ulipandwa kando kidogo kukwepa mzizi. Naibu wa chifu akichimba ataukuta mzizi huo. Nakumbuka pia sentensi nyingine. Nimeijaribu mbele ya kioo dukani, mlango umefungwa, "Siku hiyo mimi nilikuwa nikifua," na inatoka vizuri, inatoka laini kabisa, kama iliyokuwa ikiningoja. Nikiisema, Nduku atapoteza shamba na Kioko atakuwa amenishinda mara ya pili kwa kinywa changu mwenyewe. Nikisema kweli, Nduku atakula maparachichi yale hadi kufa kwake, yale aliyoyanunua kwa kuniuza mimi. Nimeweka hasara hizi mbili kwenye mizani, nikazibadilisha upande, nikazipima tena, na mimi ambaye sijawahi kuondoka sokoni bila kujua bei, safari hii sijui.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaosoma, hasa mlio na roho safi kuliko yangu, na mnijibu mapema. Gari la kwanza la Alhamisi linaondoka hapa Mtito kabla jua halijatoka. Nipande, au nilale?